Mbwa wa theluji na mtihani wa Januari

Ukitajiwa mbwa, yamkini fikira zako hukimbilia yule anayebweka langoni usiku, au yule koko anayepekua mapipa ya taka mtaani. Kazi ya kuvuta na kubeba mzigo huku kwetu tumemwachia punda. Ukizuru Lamu utamkuta amebebeshwa mawe ya ujenzi, na ukipita viunga vya miji ya bara utamwona kwenye mkokoteni wa maji. Mbwa hana habari na shughuli hiyo.

Lakini huko Alaska, jimbo la Marekani lililo kaskazini kabisa, mbwa ndiye aliyekuwa punda, ndiye aliyekuwa basi na ndiye aliyekuwa gari la posta. Kabla ya ndege na mashine za kukimbia juu ya theluji, vijiji vingi vilifikiwa wakati wa baridi kwa sleji, yaani kigari kisicho na magurudumu ambacho huteleza juu ya theluji kikivutwa na kundi la mbwa. Mwaka wa 1925, maradhi ya dondakoo yalipozuka katika mji wa Nome, dawa ilisafirishwa kwa sleji umbali wa kilomita 1,085 hivi. Waendeshaji 20 na mbwa wapatao 150 walipokezana mzigo huo usiku na mchana, na ukafika kwa muda wa siku tano na nusu. Sanamu ya Balto, mbwa aliyeongoza kundi la mwisho, ingali katika bustani ya Central Park jijini New York.

Siku hizi sleji ni mchezo zaidi kuliko usafiri. Mashindano yanayojulikana sana ni Iditarod, ambayo hufanyika kila Machi kutoka Anchorage hadi Nome, safari ya kilomita 1,600 hivi. Yalikimbiwa kwa mara ya kwanza hadi Nome mwaka wa 1973. Macho ya ulimwengu huelekezwa huko. Hata hivyo, leo nataka tuitazame Januari na miezi minne inayoitangulia, kwa sababu hapo ndipo mambo ya Machi huamuliwa.

Mtihani wa majaribio

Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa taifa anaujua vyema mtihani wa majaribio. Hautoi cheti, lakini humwambia ukweli kabla ya siku ya siku. Waendesha sleji nao wana mitihani yao ya majaribio mapema katika msimu. Mmoja wapo ni Copper Basin 300, mashindano ya Januari katika eneo la Glennallen, mashariki mwa Alaska. Urefu wake ni maili 300, takriban kilomita 480. Wakati huo jua huonekana kwa saa tano au sita tu kwa siku, na baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sufuri na hata zaidi.

Kwa mgeni, mashindano ya aina hii yana uzito mwingine. Hakuna anayeruhusiwa kuingia Iditarod kwa kulipa ada tu. Ni sharti kwanza amalize mashindano madogo yaliyoidhinishwa, mawili kati ya hayo yakiwa ya maili 300 au zaidi. Akishindwa kufika mwisho Januari, huenda ndoto ya Machi ikangoja mwaka mwingine.

Sasa, je, kundi la mbwa huandaliwaje kwa mtihani huo?

Mazoezi bila theluji

Kazi huanza mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na wakati huo ardhi ni tope tupu. Mbwa hufungwa mikanda na kuvuta pikipiki kubwa ya magurudumu manne. Mwendeshaji hukaa juu yake, na mara nyingi injini huwa inanguruma. Usidhani anawasaidia mbwa kwa kudanganya. Ameweka gia ndogo ili pikipiki iwazuie wasikimbie kupita kiasi. Anachotaka ni misuli, mishipa na mifupa ijengeke kwa kuvuta polepole, kabla ya kufikiria mbio.

Adui wa kwanza msimu huo ni joto, jambo ambalo huenda likakushangaza. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama binadamu. Hupoza mwili hasa kwa kuhema huku ulimi ukiwa nje. Mbwa wa Alaska ana manyoya mazito, na siku ambayo wewe Nairobi ungevaa sweta, yeye huiona ya jua kali. Akilazimishwa kuvuta mzigo katika joto la nyuzi 20 anaweza kuzidiwa na hata kufa. Ndiyo maana wenye busara huamka alfajiri au hutoka usiku, na asubuhi yenye joto hawatoki kabisa.

Safari ya kwanza huwa kama kilomita tatu au nne tu. Baada ya siku kadhaa huongezwa kidogo, kisha mbwa hupewa siku ya mapumziko. Kufikia Oktoba wanakwenda kilomita 20 au 30 kwa mkupuo mmoja, na Novemba, theluji ikishuka na sleji kutolewa ghalani, kilomita 50 au zaidi. Kundi lililoandaliwa barabara huwa limekwisha kutimiza zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya Januari. Wanariadha wetu wa Iten wangeuelewa mpango huu mara moja: huwezi kuanza na kilomita 40 kwa sababu tu unazitaka.

Kila mbwa na nafasi yake

Mbwa hufungwa wawili wawili kwenye kamba moja ndefu. Mbele kabisa hukaa viongozi. Hawa hawateuliwi kwa nguvu zao, bali kwa akili na ujasiri wa kutembea pasipo na mtu mbele yao. Nyuma yao huja wale wanaosaidia kulipindisha kundi kwenye kona. Katikati ni wavutaji, na wa mwisho, karibu na sleji, ni wale wenye miili imara wanaostahimili kuyumbishwa na mzigo.

Hakuna hatamu wala usukani. Mwendeshaji huliongoza kundi kwa sauti tu: “Jii!” maana yake kulia, na “Hoo!” maana yake kushoto. Hebu fikiria, msomaji, uko gizani kwenye mto ulioganda, mbele yako kuna mbwa kumi au kumi na wawili, na kitu pekee ulicho nacho ni sauti na imani kwamba yule wa mbele amesikia. Imani hiyo haipatikani wiki moja kabla ya mashindano. Hujengwa kwa miezi, kwa kurudia zamu ileile mara mia na kumsifu mbwa kila anapoipata.

Kila mbwa ana kamba yake fupi inayomuunganisha na ile ndefu. Kamba hiyo ikikaza, anavuta. Ikilegea, kuna neno. Pengine amechoka, pengine bega linamuuma, pengine hapendi mwenzake wa ubavuni. Mwendeshaji mzuri huzitazama kamba hizo kutwa kucha, kama mama anavyowatazama watoto mezani akijua nani amelisukuma sahani kando bila kusema kitu.

Chakula na miguu

Mbwa wengi wa mashindano ni wadogo kuliko unavyodhani. Huwa na uzito wa kilo 20 hadi 27 hivi. Lakini wakati wa mbio ndefu katika baridi kali, mmoja wao anaweza kutumia takriban kalori 10,000 kwa siku. Mtu mzima wa kawaida hutumia kalori 2,000 na ushei. Huwezi kupata kiasi hicho kwa kumpa mbwa makombo ya ugali. Anapewa nyama, samaki aina ya samoni, chakula maalumu cha mbwa na mafuta kwa wingi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, akiwemo Profesa Michael Davis, waliwachunguza mbwa hawa na kugundua jambo la ajabu. Siku ya kwanza ya safari ndefu, akiba ya sukari katika misuli hupungua, kama inavyotokea kwa mwanadamu. Lakini wakizidi kwenda siku baada ya siku, miili yao hujirekebisha na akiba hiyo huanza kurejea, huku nguvu nyingi zikitoka kwenye mafuta. Sharti ni kwamba mbwa awe amezoezwa na awe anakula.

Kunywa nako ni somo. Katika baridi, mbwa wengi huyadharau maji matupu. Kwa hiyo hutengenezewa supu vuguvugu yenye harufu ya nyama au samaki. Mbwa hufunzwa tangu Septemba kuinywa yote mara tu inapowekwa mbele yake, kwa maana kituoni ikicheleweshwa itaganda.

Kisha kuna miguu. Theluji ngumu hukata kama msasa, na mabonge ya barafu hunasa kati ya vidole. Kila mguu huvishwa kiatu kidogo cha kitambaa. Mbwa 12 wanahitaji viatu 48, na kila kituo huvuliwa ili miguu ikauke, ikaguliwe na kupakwa mafuta, kisha huvishwa vingine. Safari ya kilomita 480 inaweza kumaliza mamia ya viatu. Kazi hiyo hufanywa ukiwa umepiga magoti kwenye theluji, mara nyingi kwa vidole vitupu. Ndiyo maana mwendeshaji naye hufanya mazoezi ya kuvisha kwa haraka nyumbani, akijihesabia dakika.

Kufundisha mbwa kulala

Huenda ukadhani kazi ngumu ni kuwafundisha mbwa kukimbia. La, hasha! Kukimbia wamezaliwa nako. Kinachowasumbua vijana wao ni kupumzika. Mbwa wa miaka miwili akisimamishwa baada ya kilomita 50 hubweka, huruka na kutafuna kamba, akitaka safari iendelee. Mbwa mzee huzunguka mara mbili juu ya mabua makavu aliyotandikiwa, akajikunja, akafunika pua kwa mkia na kulala.

Basi mnamo Novemba na Desemba kundi hutolewa kwenda kulala nje. Hukimbia saa tano hivi, hutandikiwa mabua, hulishwa, hupumzika saa nne au tano, kisha huamshwa kwenda tena kiasi kilekile. Usiku wa kwanza vijana hawalali, na safari ya pili huwatoa jasho la wenzao. Usiku wa tatu au wa nne wanaelewa. Somo hilo ni la thamani kuliko kasi, kwa sababu mbwa asiyejua kulala kituoni hatafika mwisho hata awe na mbio za swara.

Nani abaki nyumbani?

Wiki ya mashindano hufika. Bandani pana mbwa 20 waliofanya mazoezi, na nafasi ni 12. Kila mmoja anamtazama mwenyewe kwa macho ya “nichukue mimi”. Hapa ndipo mwenye huruma ya uongo hukosea.

Mwendeshaji huifungua daftari yake ya mazoezi. Yupi alimaliza chakula kila mara? Yupi alikunywa bila kubembelezwa? Nani aliwahi kuchechemea, hata kama ilikuwa siku moja tu? Nani alikata tamaa upepo ulipovuma? Si ajabu mbwa mwenye kasi kuliko wote akaachwa kwa sababu hali akiwa safarini, na mahali pake pakachukuliwa na mpole asiyetambulikana, ambaye kamba yake haijawahi kulegea.

Kabla ya kuanza, madaktari wa wanyama huwakagua mbwa wote: moyo, mapafu, viungo, miguu na uzito. Njiani nako, katika vituo, huwa kuna madaktari. Mbwa aliyechoka au kuumia huachwa hapo kwa uangalizi, na hakuna kuingiza mwingine mahali pake. Ukianza na 12 na ukaacha wanne, utavuta mzigo uleule kwa wanane. Hivyo kumchukua mbwa asiye tayari ni kuwaongezea kazi walio tayari.

Saa ya kwanza

Asubuhi ya mashindano ni kelele tupu. Mamia ya mbwa hubweka kwa pamoja na kurukaruka kwenye mikanda. Sleji hufungwa kwenye gari kwa kamba nene, na watu kadhaa huwashikilia mbwa wasiondoke kabla ya wakati. Kamba ikifunguliwa, kelele hukatika ghafla. Wanaanza kuvuta.

Mbwa hao wamepumzika siku kadhaa na wana hamu ya kukimbia kwa kasi wasiyoweza kuidumisha. Na sasa, msomaji, wajibu mkubwa wa mwendeshaji ni kusimama juu ya breki. Anawazuia mbwa ambao amewaandaa kwa miezi minne ili wakimbie! Wengine wanampita. Watazamaji wanapiga makofi kwa wale wanaopita. Naye anabaki na mwendo wake wa kilomita 15 au 16 kwa saa, akijua kwamba misuli inayochanika katika kilomita ya kumi haionekani hadi kilomita ya mia mbili.

Baada ya saa tano au sita hufika kituoni. Yeye hajala wala hajaketi. Anatandika mabua, anavua viatu, anayeyusha theluji jikoni mwake pa safari, anapika supu, analisha, anakagua miguu, anakanda vifundo vilivyovimba. Akimaliza yote, pengine amebakiwa na saa moja ya kulala. Anayeanza kujihudumia mwenyewe kabla ya mbwa wake hupewa jibu na mbwa wale wale wakati wa kuondoka.

Mjamaika kwenye theluji

Ikiwa unadhani mambo haya ni ya watu waliozaliwa kwenye barafu pekee, msikilize huyu. Newton Marshall alizaliwa Jamaika, kisiwa cha joto kama pwani yetu. Huko kulianzishwa kundi la sleji lililofanya mazoezi kwa mbwa kuvuta vigari vya magurudumu, baadhi ya mbwa hao wakiwa wameokolewa mitaani. Marshall alikwenda kaskazini, akafunzwa na Lance Mackey, bingwa aliyeshinda Iditarod mara nne mfululizo kuanzia 2007 hadi 2010. Alianza kama wageni wote, kwa kujifunza baridi, mbwa na subira. Mwaka wa 2010 aliingia Iditarod na akafika Nome.

Lawama na hali ya hewa

Mchezo huu una wapinzani, na hoja zao si za kupuuzwa. Katika Iditarod ya mwaka wa 2024 mbwa watatu walikufa. Watetezi wa haki za wanyama husema hakuna mashindano yanayostahili gharama hiyo. Wenye mbwa hujibu kwamba wanyama hawa hupenda kuvuta na kwamba hutunzwa na madaktari kuliko mbwa wengi wa nyumbani. Wewe unaweza kuegemea upande wowote. Jambo moja halina ubishi: mbwa hakujisajili mwenyewe. Mtu ndiye aliyejaza fomu, naye ndiye anayepaswa kujua kama mbwa huyo yuko tayari au la. Ndiyo sababu maandalizi haya si suala la ushindi peke yake.

Aidha, theluji yenyewe haitegemeki kama zamani. Mwaka wa 2003, 2015, 2017 na 2025, mwanzo rasmi wa Iditarod ulihamishiwa Fairbanks, kaskazini zaidi, kwa kuwa njia ya kawaida haikuwa na theluji ya kutosha. Mashindano ya mapema ndiyo yaliyo katika hatari zaidi, kwa maana Desemba na Januari theluji huwa bado haijajazana. Mwendeshaji anaweza kuandaa kila kitu, kisha akabaki na pikipiki yake kwenye tope hadi Krismasi. Katika hali hiyo, anayefupisha mazoezi ili awahi tarehe huwaumiza mbwa. Anayekubali kuukosa mtihani wa Januari huwaokoa.

Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu mtakuwa mmeshaona mlipo katika hadithi hii. Matokeo ya mtihani wa majaribio yakija vibaya, wengine huyaficha chini ya godoro. Mwendesha sleji hayafichi ya kwake. Akirudi kutoka Copper Basin, hata akiwa wa mwisho, huketi na daftari lake na kuandika: huyu hakula kituo cha pili, yule miguu yake ilipasuka, mimi mwenyewe nililala kupita kiasi. Amebakiwa na wiki saba au nane kabla ya Machi, na sasa anajua azitumie wapi.

Nanyi wazazi, mkiwa na mtoto anayechelewa kuliko wa jirani, kumbukeni yule mtu aliyesimama juu ya breki huku wenzake wakimpita. Mwenda pole hajikwai. Na akifika kituoni, mlishe kwanza kabla ya kumuuliza amekuwa wa ngapi.